Moto wa Kariakoo: Jinsi Mwali Mdogo Ulivyokuwa Janga, na Funzo Lake kwa Watoto wa Msangeni

Jumamosi ya tarehe 10 Julai 2021, saa 3 usiku ilipokuwa ikikaribia, moshi ulionekana ukipanda kutoka katika jengo la Soko Kuu la Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Shughuli nyingi za mchana zilikuwa zimekwisha na wafanyabiashara wengi walikuwa wamekwenda kupumzika. Haukupita muda mrefu moshi ukawa mwali, na mwali ukapanda hadi juu ya jengo. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walifika na magari yao, watu wakajaa mitaani, na mapambano yakaendelea usiku. Kulipokucha, sehemu kubwa ya soko ilikuwa imeungua pamoja na mali za watu waliokuwa wakilitegemea kwa riziki zao.

Upareni hakuna haja ya kueleza sana Kariakoo ni wapi. Ni familia nyingi za milimani ambazo zina mjomba, shangazi, kaka au binamu anayefanya biashara huko, na ada za shule za watoto wengi zimetoka katika vibanda na maduka ya mitaa ile. Ndiyo maana moto ule, ingawa uliwaka mbali na Msangeni, ulizungumzwa sana katika nyumba za huku juu. Watoto waliokuwa wachanga mwaka ule sasa wako darasani, na wao huuliza maswali ambayo wakubwa mara nyingi huyajibu kwa neno moja tu: ajali. Maswali hayo yanastahili majibu marefu zaidi. Soko kubwa la zege liliwezaje kuungua? Kwa nini moto haukuzimwa ukiwa bado mdogo? Je, jambo kama hilo linaweza kutokea hapa?

Makala haya yameandikwa ili mzazi, mlezi au mwalimu ayasome pamoja na mtoto.

Kariakoo ni mahali gani?

Jina Kariakoo lilizaliwa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Uingereza liliwatumia Waafrika wengi mno kubeba chakula, risasi na mizigo mingine, kwa kuwa barabara zilikuwa chache na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa maradhi yanayoenezwa na mbung'o. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa katika eneo ambalo leo ni soko. Wenyeji walilitamka jina lile kwa namna iliyowafaa, likawa Kariakoo. Baada ya vita soko likakua mahali hapo, na mji ukakua kulizunguka soko.

Jengo la Soko Kuu lilijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, na likafunguliwa mwaka 1975, wakati wa uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere. Aliyelibuni ni msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake lilikuwa la kipekee: nguzo ndefu za zege zilizofunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa. Miavuli hiyo iliwapa watu kivuli, ilipokea maji ya mvua na kuyateremsha chini, na iliacha nafasi za kupitisha hewa ili joto la Dar es Salaam lisiwalemee wauzaji na wanunuzi. Kwa soko la nchi ya joto, hilo lilikuwa wazo zuri sana.

Jambo la kukumbuka hapa ni lile la hewa. Hewa inayomburudisha mwanadamu ndiyo hiyohiyo inayoulisha moto.

Moto ni nini?

Watu wa Ugweno waliujua moto tangu zamani kuliko majirani zao wengi. Wahunzi wa huku, hasa wa ukoo wa Washana, walisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na vyuma vyao vilitumika hata Uchagani. Mhunzi hakuwa na kitabu cha sayansi, lakini aliyajua mambo matatu ambayo leo mwalimu huyaandika ubaoni kwa umbo la pembetatu.

La kwanza ni kitu cha kuungua. Mhunzi alitumia makaa. Jikoni hutumika kuni, mkaa, mafuta ya taa au gesi. La pili ni hewa. Mhunzi aliuvuta na kuukandamiza mvukuto ili hewa iingie kwa nguvu, na makaa yaliyokuwa mekundu yakageuka meupe kwa joto. Alipoacha kuvukuta, makaa yalififia. La tatu ni joto la kuanzisha na kuendeleza uwakaji, yaani cheche, kijinga, njiti ya kiberiti au waya wa umeme uliopata moto.

Mambo haya matatu yakikutana, moto huwaka. Likiondolewa moja tu, moto hufa. Huu ndio msingi wa kazi yote ya zimamoto duniani. Maji huondoa joto. Mchanga, mfuniko wa sufuria na blanketi zito lililoloweshwa huzuia hewa. Kufyeka majani makavu kuizunguka nyumba ni kuunyima moto kitu cha kuungua hata kabla haujafika.

Mtoto anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake, mradi mtu mzima awepo na ndiye awashe. Mshumaa uliowashwa ufunikwe kwa bilauri ya kioo. Mwali utapungua, utakuwa buluu, kisha utazimika ingawa mshumaa bado upo na hakuna aliyeupuliza. Hewa iliyokuwa ndani ya bilauri haitoshi tena kuulisha.

Kwa nini moto mdogo huwa mkubwa?

Kila siku nchini huwashwa moto katika mamilioni ya majiko, na karibu wote huzimwa salama. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu janga kubwa lisiishie kwenye cheche. Cheche ni nyingi na ziko kila mahali. Swali ni hili: moto ulipata njia gani ya kusafiri?

Wahenga walilisema kwa maneno machache: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ni kijinga, yaani ukuni unaowaka. Ukuni mmoja uliotengwa na mwenzake hufuka moshi na kuzimika. Ukiunganishwa na mwingine, kila mmoja humpa mwenzake joto, na vyote viwili huwaka. Ndivyo ilivyo pia kwa maduka, mabweni, nyumba na misitu.

Sokoni njia za moto huwa nyingi. Meza hupakana na meza, duka na duka. Bidhaa hurundikwa kutoka sakafuni hadi juu ili nafasi isipotee: magunia, maboksi, vitambaa, vyombo vya plastiki, kamba, mafuta. Zege la jengo lenyewe haliungui kama mbao, lakini vilivyomo ndani huungua vizuri sana. Jiko la mawe nalo haliungui, ila kuni zilizomo ndani yake huungua.

Moshi nao hufanya kazi ambayo wengi hawaijui. Moshi wa moto ni wa joto kali, na kitu cha joto hupanda. Hufika darini, hauna pa kwenda, hutanda kama blanketi, kisha huanza kushuka. Joto la blanketi hilo huvikausha na kuvipasha vitu vyote vilivyo chini yake, hata vile ambavyo mwali haujavigusa. Hufika dakika ambayo vitu hivyo vyote huwaka karibu kwa pamoja. Kwa mtu aliye nje, huonekana kana kwamba moto umeruka. Kumbe ulikuwa unajiandaa.

Jambo jingine ni muda. Moto ulioonekana katika dakika yake ya kwanza huzimwa na mtu mmoja mwenye ndoo. Moto ulioachwa kwa dakika chache zaidi huhitaji majirani wote. Ukiachwa zaidi ya hapo, huhitaji magari ya zimamoto, na hata hayo yaweza yasitoshe. Usiku watu wamelala au wameondoka, milango imefungwa, na moto hupata zile dakika za mwanzo bila mpinzani.

Mwisho ni maji na barabara. Gari la zimamoto hubeba maji ya maelfu ya lita, na kwa mtoto hayo ni maji mengi mno. Lakini mpira mkubwa wa kuzimia moto huweza kuyamaliza kwa dakika chache, na gari likalazimika kwenda kujaza tena. Ndiyo maana miji huweka mabomba maalumu kando ya barabara ili magari yachote maji papo hapo, na ndiyo maana ni kosa kubwa kuyafunika mabomba hayo kwa vibanda au kuegesha magari juu yake. Mitaa ikibanwa na biashara, hata gari lililofika mapema huweza kusimama hatua chache kutoka kwenye moto lisiweze kuufikia.

Jiji jingine, miaka mingi iliyopita

Kariakoo si mahali pa kwanza moto kupata njia. Zaidi ya miaka 350 iliyopita, usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 2 Septemba 1666, moto ulizuka katika nyumba ya mwoka mikate aliyeitwa Thomas Farriner, katika mtaa mwembamba wa Pudding Lane jijini London, Uingereza. Nyumba nyingi za jiji hilo zilijengwa kwa mbao, zikabanana, na ghorofa zake za juu zilitokeza barabarani hata nyumba za pande mbili zikakaribia kugusana. Kiangazi kilikuwa kimezikausha mbao, na upepo ulikuwa ukivuma.

Meya wa jiji, Thomas Bloodworth, aliamshwa usiku akaenda kuutazama moto huo. Aliudharau. Njia iliyojulikana wakati ule ilikuwa kuzibomoa nyumba zilizo mbele ya moto ili usipate cha kula, lakini meya aliogopa gharama za kuzijenga upya, akasita. Saa zile za kusita ndizo zilizoliangamiza jiji. Moto uliwaka kwa siku nne. Nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 yaliteketea, pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Ulipungua tu pale upepo ulipotulia na nyumba zikalipuliwa kwa baruti ili kuukatia njia.

Baada ya hapo sheria iliagiza nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe, na mitaa mingine ikapanuliwa. Ulijengwa pia mnara wa ukumbusho wenye urefu wa takribani mita 62, na urefu huo ni sawa na umbali kutoka mnara ulipo hadi ilipokuwa nyumba ya mwoka mikate. Hadi leo watoto wa Uingereza hufundishwa habari hii wakiwa katika madarasa ya chini.

Jiji la London la mwaka 1666 na Kariakoo ya mwaka 2021 hazifanani kwa sura, lugha wala hali ya hewa. Hata hivyo, maswali yanayoulizwa baada ya moto ni yaleyale: vitu vilibanana kiasi gani, nani aliona kwanza, ilichukua muda gani kuchukua hatua, na maji yalikuwa wapi.

Baada ya majivu

Siku iliyofuata moto wa Kariakoo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika sokoni na kuunda kamati ya uchunguzi, akaipa siku saba. Baadaye Serikali ilitenga takribani shilingi bilioni 28 kwa ajili ya kulikarabati Soko Kuu na kujenga soko jipya kando yake, na ujenzi ukaanza mwaka 2022. Wafanyabiashara walilazimika kuhamia maeneo mengine wakati kazi hiyo ikiendelea.

Mtoto aelezwe kwamba hasara ya moto haipimwi kwa jengo pekee. Jengo hujengwa tena kwa fedha za umma. Lakini mama aliyekuwa na gunia kumi za mchele, kijana aliyekopa ili anunue mzigo wa kwanza, na msichana aliyelipwa kwa siku kupima na kufungasha, hao walianza upya kwa mikono mitupu.

Moto karibu na nyumbani

Mkoa wa Kilimanjaro una kumbukumbu zake. Mwezi Juni 1994, bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku, na wanafunzi zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mwezi Agosti 2009, katika Shule ya Sekondari ya Idodi mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni, na mshumaa ulitajwa kuwa chanzo. Watoto hao walikuwa na umri wa dada na kaka wa wasomaji wa ukurasa huu. Kuwakumbuka ni kuhakikisha kwamba hakuna bweni ambalo mlango wake hufungwa kwa namna inayowazuia walio ndani kutoka, na hakuna mwanafunzi anayesoma kwa mshumaa kitandani chini ya chandarua.

Mwezi Oktoba 2020 moto ulizuka pia katika Mlima Kilimanjaro, katika eneo la Whona, kwenye njia ya wapanda mlima kati ya Mandara na Horombo. Shirika la Hifadhi za Taifa lilieleza kwamba ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula, ukashika vichaka na majani makavu. Uliteketeza uoto wa eneo la kilomita za mraba zipatazo 95. Mamia ya watu, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji, walipanda kuuzima kwa matawi, majembe na mikono yao, kwa sababu gari la zimamoto haliwezi kufika kule juu.

Habari hiyo ya mlimani inaihusu sana Msangeni. Hapa pia ni mlimani. Barabara ni ya kupanda na ya kona nyingi, na wakati wa mvua huwa telezi. Hata gari la zimamoto likiondoka bondeni mara tu simu inapopigwa, litahitaji muda kufika. Moto hautangoja. Dakika za kwanza za moto wowote katika kata hii zimo mikononi mwa walio karibu, na mara nyingi walio karibu ni watoto: wazazi wako shambani, wako gulioni au wamekwenda kuchota maji, na mtoto wa miaka tisa amebaki na wadogo zake pamoja na jiko lenye makaa.

Kwa hiyo mtoto wa Msangeni anahitaji kujua mambo machache, na ayajue vizuri.

Mtoto afanye nini?

Kabla ya moto, mtoto asichezee kiberiti, mafuta ya taa, petroli wala mtungi wa gesi. Asiwashe mshumaa au koroboi karibu na pazia, chandarua, majani makavu au nguo zilizoanikwa. Asiunganishe nyaya za umeme, wala asiguse swichi kwa mkono uliolowa. Akihisi harufu ya gesi ndani ya nyumba, asiwashe kitu chochote, hata taa. Afungue mlango, atoke na kumwita mtu mzima.

Moto ukizuka, kazi ya kwanza ya mtoto ni kutoka, na kuwatoa wadogo zake kama anaweza kufanya hivyo bila kupita kwenye mwali. Asijifiche chini ya kitanda au kabatini. Watoto wengi hujificha kwa hofu ya kugombezwa, na waokoaji hushindwa kuwaona. Mzazi amwambie mtoto wake leo, kwa maneno ya wazi, kwamba hata kama moto umeanzishwa na yeye, anatakiwa kukimbilia nje na kupiga yowe, na hataadhibiwa kwa kusema.

Moshi ukijaa, mtoto atambae. Hewa safi zaidi iko karibu na sakafu, na moshi huweza kumlevya mtu na kumwangusha kabla mwali haujamfikia. Mlango uliofungwa uguswe kwanza kwa nyuma ya mkono. Ukiwa wa moto, usifunguliwe, itafutwe njia nyingine. Nguo zikishika moto, mtoto asikimbie, kwa kuwa kukimbia ni kuvukuta moto kama mhunzi. Asimame, ajilaze chini, afunike uso kwa mikono na kubingirika hadi mwali uzimike.

Akishatoka, asirudi ndani kufuata daftari, simu, kuku wala mbuzi. Nyumba hujengwa tena.

Akiwa nje, apige yowe majirani wasikie, na mwenye simu apige namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114. Anayepiga aseme kwa utulivu mambo manne: mahali penyewe, yaani wilaya, kata, kijiji na kitongoji, alama inayojulikana iliyo karibu, kama vile shule, kanisa, msikiti au zahanati, kinachoungua, na kama kuna mtu aliyebaki ndani. Asikate simu kabla ya kuruhusiwa. Namba 114 si ya mchezo. Anayeipiga kwa utani huweza kuwa anawachelewesha waokoaji kumfikia mtu aliye katika hatari ya kweli.

Kazi ya wakubwa

Haifai kumbebesha mtoto mzigo wote. Pareni watu wanaujua msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji, kutengeneza barabara au kusafisha ndiva. Kujihadhari na moto ni kazi ya namna hiyo hiyo, na hufanyika kabla ya hatari, si baada yake.

Kila nyumba inaweza kuweka pipa au ndoo za maji na chombo chenye mchanga mahali panapofikika. Maji ya ndiva na mifereji yanayomwagilia mashamba yanaweza kuwa msaada mkubwa siku ya moto, mradi watu wakubaliane mapema nani atachota na kwa vyombo gani. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, yasimwagiwe maji, kwa kuwa yatalipuka na kurukia watu. Jiko lizimwe na sufuria ifunikwe kwa mfuniko. Moto wa umeme nao usimwagiwe maji. Swichi kuu izimwe kwanza, kisha utumike mchanga au mtungi wa kuzimia moto uliokusudiwa kwa umeme.

Petroli ya pikipiki isihifadhiwe ndani ya nyumba ya kulala. Nyaya za umeme zifungwe na fundi anayetambulika, na soketi moja isibebeshwe vifaa vingi. Mkulima anayekusudia kuchoma mabaki ya shamba atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji, afyeke kwanza mkanda wa ardhi tupu kulizunguka eneo hilo, asubiri upepo utulie, na asiondoke kabla ya moto kuzimika kabisa. Mrina asali ahakikishe kienge chake kimezimwa kwa maji au udongo kabla ya kuuacha msitu. Misitu ya Upare wa Kaskazini ndiyo chanzo cha vijito vinavyojaza ndiva. Msitu ukiungua leo, kiu huja baadaye.

Wenye maduka nao wanakumbushwa kuacha njia ya kupita kati ya jengo na jengo, na kutorundika bidhaa mlangoni. Shule zenye mabweni zifanye zoezi la kutoka nje usiku angalau mara moja kila muhula, ili kila mwanafunzi aijue njia yake hata gizani.

Neno kinga, ambalo wahenga walilitumia kumaanisha ukuni unaowaka, katika Kiswahili lina maana nyingine pia: ni hifadhi, ni kile kinachozuia madhara yasifike. Kijinga kikikutana na kijinga, moto huwaka. Kinga ya nyumba moja ikiungana na kinga ya nyumba ya jirani, moto hukosa njia.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila familia ya Msangeni inaombwa kufanya jambo moja lisilogharimu hata shilingi. Wote watoke nje na kuchagua mahali pa kukutana endapo nyumba itashika moto: chini ya mti fulani, kwenye njia panda, au kwa jirani. Mahali hapo patajwe kwa jina, na mtoto mdogo kuliko wote apataje mwenyewe mara tatu. Siku ikitokea hatari, wazazi wataanza kuwahesabu watoto wao hapo.